Fyuzi inaungua kila mara, au haiungui inapopaswa: kusoma dalili na kuchagua kinga ya saketi za gari

Fyuzi ikiungua mara mbili mfululizo, wengi hutia iliyo kubwa zaidi. Ya ampea 10 inatoka, ya 20 inaingia, taa inawaka, safari inaendelea. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari lililofanyiwa hivyo. Waya wa taa za nyuma ulikuwa umeyeyuka na kugandana na nyaya sita za jirani, kuanzia kisanduku cha fyuzi hadi chini ya kizingiti cha mlango. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima, inang'aa. Mwenye gari alishangaa kuiona hivyo, nami nikamweleza ninachotaka kukueleza hapa: fyuzi ni mlinzi wa waya. Taa ikifa utanunua nyingine. Waya ukishika moto chini ya zulia, huenda ukapoteza gari lote.

Kwa hiyo katika kila dalili inayofuata, swali langu la kwanza ni lile lile: waya huu, tangu betri hadi unapoishia, una kitu cha kukata umeme kabla haujaungua?

Hesabu kabla ya kugusa chochote

Chukua taa mbili za ukungu, kila moja wati 55. Jumla ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9.2. Injini ikiwaka alteneta (jenereta ya gari) hupandisha volti hadi 13.8 au 14.4, na balbu nazo huvuta zaidi kidogo ya hapo. Fyuzi haipendi kufanya kazi muda wote karibu na kikomo chake, kwa hiyo isibebe zaidi ya asilimia 75 au 80 ya namba iliyoandikwa juu yake. Gawa 9.2 kwa 0.75, unapata 12.3. Fyuzi inayofuata kwa ukubwa ni ya 15.

Wengi huishia hapo. Kazi bado. Fyuzi ya 15 inaruhusu ampea 15 zipite saa nzima bila kulalamika, na waya lazima uweze kuzibeba. Kama waya uliokuja na taa hizo ni mwembamba wa milimita za mraba 0.75, fyuzi ya 15 haiufai hata kama taa zinaihitaji. Badilisha waya. Usiipunguze fyuzi hadi 7.5 ukitumaini itavumilia, na usiuache waya ukitumaini mwenyezi atausitiri.

Viwango ninavyotumia mimi kwa waya wa shaba unaopita pamoja na nyaya nyingine ndani ya gari ni hivi, na vimewekwa kwa tahadhari:

milimita za mraba 0.75: fyuzi isizidi ampea 7.5
1.0: isizidi 10
1.5: isizidi 15
2.5: isizidi 20
4: isizidi 30
6: isizidi 40
10: isizidi 60
16: isizidi 80
25: isizidi 100
35: isizidi 125

Kwa taa zile za ukungu, waya wa 1.5 unatosha kwa usalama, lakini mimi hutia 2.5. Sababu ni mwanga. Mita 5 za waya wa 1.5 zikibeba ampea 9.2 hupoteza karibu nusu volti njiani, na za 2.5 hupoteza kama volti 0.3. Balbu ya nyuzi huona tofauti hiyo, nawe utaiona barabarani usiku.

Kuna mitego miwili kwenye nyaya. Wa kwanza ni ganda nene. Waya unaweza kuonekana mnene kama kidole cha mtoto kumbe shaba iliyomo ndani ni uzi. Kata ncha uangalie chuma chenyewe. Wa pili ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwaruza nyuzi zake kwa kisu: zikitoa rangi ya fedha, huo si shaba tupu, na uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene huo. Utie waya mkubwa zaidi, au ushushe fyuzi.

Tena fyuzi hupimwa kwa waya mwembamba kuliko yote iliyo mbele yake. Mtu huvuta waya mzuri wa 6 kutoka kwenye betri, anatia fyuzi ya 40, halafu katikati anachepusha waya wa 0.75 kwenda kwenye taa ndogo ya ndani. Mchepuko ule hauna mlinzi. Unahitaji fyuzi yake mwenyewe pale pale unapoanzia.

Kwa nini fyuzi ya 10 haikatiki kwenye ampea 11

Fyuzi ni kipande cha chuma kinachoyeyuka kwa joto, na joto huchukua muda kujaa. Fyuzi bapa za kawaida za magari hutengenezwa ili zivumilie asilimia 110 ya kipimo chake kwa saa 100 au zaidi. Kwenye asilimia 135 inaweza kukatika chini ya sekunde moja, au ikachukua hadi dakika 10. Kwenye asilimia 200 hukatika ndani ya sekunde 5. Shoti kamili ndiyo hukata mara moja.

Sasa fikiria ile 20 iliyotiwa kwenye waya wa ampea 10. Kifaa kikianza kuharibika na kuvuta ampea 20, fyuzi imetulia kabisa. Waya unabeba mara mbili ya uwezo wake, na joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha umeme unaopita: umeme mara mbili, joto mara nne. Ndivyo ule waya wa kizingitini ulivyoyeyuka polepole huku fyuzi ikimtazama tu.

Rangi zinasaidia kugundua udanganyifu wa fundi aliyetangulia. Kwenye fyuzi bapa za kawaida kahawia iliyopauka ni 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Linganisha kila moja na mchoro ulio kwenye kifuniko cha kisanduku. Ukikuta kijani mahali pa nyekundu, gari limekwisha kukueleza lina shida gani na ilifichwa wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dalili: inaungua papo hapo unapoitia au unapowasha swichi

Itoe uiangalie kwenye mwanga kabla ya kuitupa. Kama kiunganishi cha katikati kimetoweka na plastiki imeingia masizi meusi au matone ya chuma, umeme mwingi mno ulipita kwa ghafla, na hiyo ni shoti: waya chanya umegusa bodi. Kama kimekatika kwa pengo dogo safi, bila masizi, kilizidiwa taratibu. Nenda kwenye dalili inayofuata.

Usitafute shoti kwa kuchoma fyuzi. Nimeona mtu akimaliza pakiti nzima, na kila fyuzi ilikuwa inapiga ule waya mgonjwa pigo jipya. Tumia balbu. Chukua balbu ya wati 21, ile ya indiketa, iwekee nyaya mbili, na uchomeke ncha zake kwenye matundu ya fyuzi iliyoungua. Sasa hata kukiwa na shoti kamili haziwezi kupita zaidi ya ampea 2 hivi, kwa kuwa balbu inazizuia. Waya unabaki baridi na wewe una muda wa kutafuta.

Kuna jambo watu hukosea hapa. Ikiwa saketi ina taa kubwa au mota, balbu yako itawaka vizuri hata kama hakuna shoti, kwa sababu uzi wa taa iliyopoa una ukinzani mdogo sana. Taa ya wati 55 ikiwa baridi husoma chini ya omu moja kwenye mita, na mtu asiyejua husema "shoti hiyo!" akaanza kupasua nyaya nzima. Kwa hiyo kwanza chomoa vifaa vyote vya saketi hiyo: balbu, mota, redio. Balbu ya majaribio ikizima, waya ni mzima na kifaa kimojawapo ndicho kibaya. Virudishe kimoja kimoja. Ikiendelea kuwaka, ugonjwa uko kwenye waya.

Hapo anza kuchomoa soketi za njiani, moja moja, ukitoka mwisho wa saketi kurudi kwenye fyuzi. Soketi ambayo ukiichomoa balbu inazima, shoti iko mbele yake. Kisha tikisa nyaya kwa mkono huku mwenzako akitazama balbu. Ikipepesa, umefika. Njia hii usiitumie kwenye saketi ya mifuko ya hewa ya usalama wala kwenye kompyuta ya injini; huko fuata maelekezo ya mtengenezaji wa gari.

Sehemu za kuanza kutazama: waya unaopita tundu la bati lisilo na mpira, waya uliobanwa na kiti au na skrubu ya kipaza sauti, waya uliolala juu ya bomba la moshi. Kwenye tundu la kuchajia simu, tazama ndani kwa tochi. Sarafu au kipande cha karatasi ya fedha huanguka humo, na fyuzi ya saketi hiyo inaungua kila siku bila mtu kujua kwa nini.

Dalili: inaungua baada ya dakika kadhaa, au kila baada ya wiki mbili

Hapa hakuna shoti. Kuna kitu kinachovuta kuliko inavyostahili, au saketi imeongezewa mzigo isioumbiwa.

Mota ndizo wa kwanza kushukiwa. Feni ya hewa ya ndani ikichakaa beringi huzunguka kwa shida na kuvuta ampea nyingi zaidi. Pampu ya mafuta hufanya hivyo chujio likiziba. Waipa hufanya hivyo viungo vyake vikishika kutu. Mota iliyogoma kabisa huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, maana haina mzunguko wa kupunguza mkondo.

Usibahatishe, pima. Mita ya kubana yenye uwezo wa kusoma umeme wa betri ndiyo bora, kwa kuwa huhitaji kukata chochote. Bana waya, washa kifaa, subiri dakika tano, soma. Feni iliyokuwa ikivuta 14 ikianza kuvuta 23 kwenye fyuzi ya 20, dawa ni feni. Ukiweka fyuzi ya 30 umehamishia ugonjwa kwenye waya.

Kama kipimo kiko chini ya kilichoandikwa na bado inaungua, angalia mambo mawili. Je, fyuzi inakaa karibu na injini au bomba la moshi? Joto la nje huipunguzia uwezo, ikakatika kabla ya kipimo chake. Na je, miguu yake imelegea? Mguu uliolegea hutengeneza joto lake wenyewe na kuiyeyusha fyuzi isiyo na hatia.

Iwapo mzigo umeongezwa, tenganisha. Kamera, taa za mapambo na chaja havipaswi kunyonya kwenye fyuzi ya redio. Kila kitu kipya kinachozidi ampea chache kipewe waya wake, fyuzi yake, na rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme). Fyuzi ikae kati ya betri na mguu wa rilei ulioandikwa 30. Usiziamini sana wati zilizoandikwa kwenye maboksi ya taa za LED, maana mara nyingi ni kubwa kuliko ukweli. Pima, kisha chagua.

Dalili: inaungua gari likipita kwenye matuta, au mlango ukifunguliwa

Waya umekatika ganda mahali panapokunjwa. Fungua mpira wa mkunjo kati ya mlango na bodi, na ule wa kifuniko cha buti. Nyaya hukunjwa hapo maelfu ya mara na ganda hupasuka. Ukikuta mmoja umepasuka, kagua zote za mpira huo, maana zimezeeka pamoja. Usifunge tepu peke yake. Kata sehemu mbovu, unga kipande kipya laini chenye nyuzi nyingi nyembamba, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kiungo kisogezwe nje ya mkunjo. Lehemu iliyowekwa ndani ya mkunjo itavunjika tena.

Dalili: fyuzi nzima, kifaa kimya

Ncha moja ya mita iguse bodi, na kwa nyingine gusa kimoja kimoja vitundu viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa fyuzi, ikiwa mahali pake, swichi ikiwa imewashwa. Volti 12 pande zote mbili: fyuzi ni nzima, tafuta rilei, swichi au waya wa bodi (ule hasi unaorudisha umeme). Upande mmoja tu: imekatika, hata kama macho hayaoni, na ufa mwembamba chini ya plastiki si jambo la ajabu. Hakuna pande zote: umeme haufiki, panda juu hadi fyuzi kuu au swichi ya ufunguo.

Waya wa bodi wenye kutu ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Dalili: fyuzi nzima lakini kisanduku kimeyeyuka

Hili huwachanganya watu, kwa sababu wanajiuliza ikiwa umeme ulizidi, mbona fyuzi haikukatika. Umeme haukuzidi. Mguso kati ya mguu wa fyuzi na kibano chake umelegea au umeshika kutu ya kijani, na pale penye mguso mbaya joto huzaliwa hata kwa ampea za kawaida. Fyuzi za feni, kipasha joto cha kioo cha nyuma na pampu ndizo zinazopata hili zaidi, kwani hubeba umeme mwingi kwa muda mrefu.

Kukwangua kutu na kuirudisha kunakupa mwezi mmoja. Chuma kilichopata moto hupoteza ukakamavu wake, hakibani tena. Badilisha kibano, au toa saketi ile kwenye kisanduku na uipe kishikio kipya cha nje chenye kifuniko, waya wa unene ule ule na fyuzi ya kipimo kile kile. Pia angalia saizi za fyuzi. Kuna ndogo, za kawaida na kubwa, na kuna ndogo zilizo fupi. Ukilazimisha saizi isiyo yake huingia nusu tu, na nusu ya mguso ni jiko.

Dalili: harufu ya plastiki, waya wa moto, na fyuzi haikatiki

Zima gari. Legeza waya hasi wa betri. Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote katika orodha hii, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Maana zake ni tatu. Fyuzi ni kubwa kuliko waya. Au imezungushiwa karatasi ya fedha, kipande cha waya, au msumari umetiwa mahali pake. Au hakuna fyuzi kabisa kati ya betri na mahali panapoungua.

Ya tatu ndiyo inayotokea zaidi kwenye vifaa vya kuongeza. Fundi anatoa waya kwenye betri, anaupitisha kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria hadi ndani, na fyuzi anaiweka kule mwisho karibu na amplifaya, kwa sababu ndiko anakofanyia kazi. Ile mita moja au nne ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi wowote. Betri ya gari dogo inaweza kutoa mamia ya ampea, na kwenye shoti hata zaidi ya elfu. Waya ukikwaruzwa na bati ndani ya boneti, utakuwa mwekundu kabla hujafungua mlango. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Wengi wa mafundi wa muziki wa magari huweka mpaka wa sentimita 45 za waya. Mimi napenda zisizidi 20. Hata pale, ule urefu mfupi uliobaki uvalishwe bomba la plastiki na ufungwe imara. Kama gari lina betri mbili zilizounganishwa, waya kati yake unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande, maana umeme unaweza kuja kutoka pande zote.

Kumbuka pia uwezo wa fyuzi kukata. Huo si kipimo cha ampea kilichoandikwa juu yake. Ni umeme mkubwa kabisa ambao inaweza kuuzima bila kupasuka au kuendelea kuwaka kwa cheche ndani yake. Fyuzi bapa za kawaida huwa na uwezo wa ampea 1,000 hivi kwa volti 32. Zinatosha ndani ya gari. Kwenye kichwa cha betri kubwa tumia aina za kufungwa kwa nati, kama MIDI, MEGA au ANL. Hizo volti 32 zinamaanisha pia kwamba zinafaa kwa lori la volti 24, lakini hazifai kwa mfumo wa volti 48 wa magari mseto, ambao unahitaji fyuzi zilizoandikwa volti 58 au zaidi.

Na breka za umeme za nyumbani, zile swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi, zisiingie garini. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara mia moja kila sekunde, ndiyo maana cheche yake huzimika kirahisi. Wa betri haupiti kwenye sifuri. Breka isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kufunguka huku cheche ikiendelea kuwaka katikati.

Dalili: amplifaya au inveta inaunguza fyuzi mpya kila mara

Karibu siku zote hesabu haikufanywa. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1,000 haivuti ampea 83. Baadhi ya nguvu hupotea ndani yake kama joto, kwa hiyo kwa ufanisi wa asilimia 85 huvuta karibu 98. Gawa kwa 0.8, unapata 122, hivyo fyuzi ya 125 na waya wa milimita za mraba 35. Haiwezekani kuiendesha kwenye tundu la chaja lenye fyuzi ya 15, nami huulizwa hilo mara nyingi sana.

Amplifaya ni rahisi zaidi. Tazama fyuzi zilizo kwenye mwili wake. Zikiwa mbili za 30, chukulia 60, tia waya wa 16 na fyuzi ya 60 au 80 karibu na betri. Zile za mwilini zinailinda amplifaya, ya betri inaulinda waya. Hazibadilishani kazi.

Ikiwa hesabu ni sahihi na inaungua tu wakati wa kuwasha, kifaa kina mshtuko wa kuanzia. Mota kubwa kama feni za kupoza injini huvuta mara kadhaa ya kawaida kwa muda mfupi. Hapo tafuta fyuzi ya kuchelewa, yenye kipimo kile kile. Kubwa zaidi siyo jibu.

Dalili: gari limekufa lote baada ya betri kuunganishwa kinyume

Nguzo zilipogeuzwa, umeme ulipita moja kwa moja kwenye dayodi za alteneta, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Fyuzi kuu, ambayo mara nyingi ni kati ya 80 na 140, ilikatika ili kuokoa kilichobaki. Imefungwa kwa nati ndani ya kisanduku cha boneti. Legeza betri kwanza, ndipo uiguse. Ukishaibadilisha, washa injini na upime volti za betri. Zikibaki 12.3 badala ya kupanda hadi 14, dayodi zimekwenda.

Magari mengine hayana fyuzi hapo, yana kipande cha waya wa kuyeyuka, chenye ganda lisiloshika moto. Kinaweza kuonekana kizima huku ndani kimekatika. Kivute kidogo: kikinyooka kama mpira, kimekwisha. Kanuni ya kukibadilisha ni waya maalumu ulio mwembamba kwa namba nne za AWG (kipimo cha Marekani ambacho namba ikikua waya huwa mwembamba) kuliko unaolindwa, yaani wa 10 hulindwa na wa 14. Waya wa kawaida usiutie hapo kamwe. Ganda lake ndilo litakaloleta moto.

Dalili: taa au vioo vinakatika na kurudi vyenyewe

Huenda hakuna fyuzi hapo bali breka ya joto. Kuna aina tatu. Ya kwanza hujirudisha ikipoa, na magari ya zamani yaliitumia kwenye taa kubwa ili zisizime moja kwa moja usiku. Taa kuwaka na kuzima ni yenyewe inakuonya kuna shoti au mzigo uliozidi. Ya pili hubaki wazi hadi uzime umeme wa saketi hiyo. Ya tatu ina kitufe unachobonyeza. Kwa mota za vioo na viti breka inafaa, kwa kuwa mtu akishikilia swichi kioo kikiwa kimefika mwisho mota huzidiwa bila ubovu wowote. Kwa waya wa kawaida wa kifaa cha kuongeza sipendi aina ya kwanza. Hupasha waya joto, huuacha upoe, huupasha tena, usiku kucha, bila kukuita.

Ukimaliza matengenezo yoyote kati ya haya, washa kila kitu cha saketi hiyo kwa dakika 20, kisha shika fyuzi, kishikio chake na waya kwa vidole, mahali pengi kadiri unavyofika. Uvuguvugu ni sawa. Ukilazimika kuondoa kidole, rudi kwenye mguso na unene wa waya kabla ya kurudisha plastiki za dashibodi.